Baiskeli ya Kwenda Tukuyu

Baiskeli isiyojiendesha inaruhusiwa kukaa nyumbani, mradi iondolewe mnyororo. Ya marehemu mume wangu ipo sebuleni, huwa naanika taulo juu yake. Fundi Mgaya aliiunda kwa miezi saba, akampima miguu kwa kamba, maana mwenyewe alitaka kufika Tukuyu bila kuumwa mgongo. Na alifika.

Jana Tumpe, binti yetu, alitimiza miaka kumi na minane. Nikautoa mnyororo niliouficha kwenye sanduku la kanga, nikaufunga mwenyewe.

“Panda, mwanangu. Nenda unakotaka.”

“Inajua njia?”

“Baba yako alikuwa anauliza watu.”

“Mama nawe. Watu wangejuaje?”

Akapanda, nikamshikia tandiko. Akakamata usukani, akatulia, akisubiri iondoke yenyewe.