Shimo la Mbwa

Filamu ya zamani ya makaburi ya mbwa na paka wa matajiri ilipotoka kwenye DVD, Bi Mashavu aliinunua amwone marehemu mumewe, aliyekuwa mchimba makaburi pale. Picha yake nyingine hakuwa nayo.

Mwishoni mwa filamu yakapita majina ya walioonekana humo. Binti yake Chausiku akamsomea: mbwa wote wametajwa, hata kasuku mmoja.

"Na baba yako?"

"Hayumo, mama."

Bi Mashavu akasonya. Kaburi la mumewe lenyewe lilishapotea. Kijiti walichochomeka kichwani kililiwa na mchwa.

"Rudisha nyuma. Haya, simamisha hapo."

Mumewe akaganda kwenye kioo, amezama hadi kifuani ndani ya shimo la mbwa. Bi Mashavu akajitanda khanga, akainua mikono, akaanza kumsomea Fatiha.