Kabla Hayajaganda

Tunu alikuwa amebuni vijipande vya protini ambavyo, vikiachwa vitulie majini, hushikana vyenyewe vikawa wavu wa kunasa virusi. Hapo maji huganda kama uji uliopoa, hata ukipindua kichupa hayamwagiki. Vikitikiswa mapema, huharibika. Asubuhi aliharibu kichupa kizima kwa pupa.

Simu ikatetemeka mezani, kando ya kichupa kipya. Aliinyakua. Alikuwa mdogo wake, kutoka wodini.

"Dada, mama anahema kwa shida. Daktari amekubali tuijaribu dawa yako. Iko wapi?"

"Bado inatulia, Mwajabu."

"Basi mwambie na mama angoje!"

Tunu alikata, akaibana simu kwapani. Ikatetemeka tena. Hakuipokea. Alikishika kichupa kwa mikono miwili, akakipindua taratibu.

Simu ikanyamaza. Ndani ya kichupa, tone moja likaning'inia, likirefuka.