Gitaa la Bwana Cecil

"Huu hapana," alisema Bwana Cecil, akaurudisha ubao wa mninga mezani. "Mzito. Vijana wangu watachoka upesi, mikono yao haijazoea."

Modest alimtazama mteja wake kwa heshima mpya. Tangu alipotoka karakana ya misheni kule Ndanda na kufungua yake hapa Mkomaindo, alikuwa ametengeneza vitanda, majeneza na, mwaka huu wa sabini, madawati ya vijiji vya ujamaa. Hakuna aliyewahi kumkatalia mninga. Lakini mtu huyu, aliyeshuka kwenye basi la Newala na ukurasa wa gazeti la zamani mkononi, alitaka gitaa la umeme, la mtindo ule ule wa kwenye picha: kiuno chembamba, pembe mbili kama za mbuzi, vitufe vinne vya kuzungusha. Mtu wa namna hiyo lazima awe kiongozi wa bendi. Modest hakuona haja ya kuuliza.

Wakakubaliana mkangazi, tena uchimbwe ndani upungue uzito. Kwa shingo ya gitaa, Modest alitaka mpingo.

"Mpingo au mti wowote," Cecil alisema, "mradi uwe mweusi."

"Bwana, mpingo ndio unaobeba sauti."

"Haya, weka mpingo."

Rangi ilikula asubuhi nzima. Modest alipaka vibao sita, akaviegemeza ukutani nje. Cecil alirudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja.

"Nyekundu itatoka nyeusi. Hii ya bluu itafifia. Nipe hii ya maziwa, na kibao cha mbele kiwe cheusi. Vanishi ya kung'aa usipake, itanirudishia mwanga."

Taa za jukwaani, Modest akawaza. Bwana huyu amepiga kwenye kumbi kubwa.

Mkewe, Claudia, alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Mgeni alipoondoka, alisema, "Baba Bibiana, mbona mtu wako hakuuliza hata mara moja litalia vipi?"

"Mjuzi haulizi, Mama Bibiana. Anamwachia fundi."

Kazi ilichukua miezi mitatu. Vitufe vilitoka kwenye redio mbovu, sumaku kwenye spika iliyopasuka. Nikolao, fundi redio wa jirani, alizungushia sumaku waya mwembamba kama unywele, akihesabu mizunguko kwa sauti. Mara mbili watu walimsalimia, akapoteza hesabu, akaanza upya huku akilaani salamu. Nyuzi ziliagizwa Dar es Salaam, zikakaa njiani wiki tano.

Siku gitaa lilipokamilika, Nikolao alilichomeka kwenye redio yake kubwa. Modest hakujua kupiga. Aligusa uzi mmoja tu, ule mnene.

Sauti ikatoka, nzito na laini, ikajaa chumba, ikakaa. Claudia aliacha chungu mekoni, akaja mbio.

"Ni hilo?"

"Ndilo," alisema Modest, akageukia dirishani wasimwone macho. Miaka yote mbao zake zilikuwa zinalaliwa, zinakaliwa, zinazikwa. Ubao huu ndio uliokuwa wa kwanza kusema.

Cecil alipokuja kulichukua, hakugusa uzi hata mmoja. Alilivaa kwa mkanda wake, akasimama mlangoni penye mwanga, akaligeuza huku na huku, akatabasamu.

"Kamili! Ndilo lenyewe!"

"Hiki ni cha kuongeza sauti," Modest alieleza akizungusha kitufe, "na hiki..."

"Kumbe vinazunguka!" Cecil akacheka.

Modest naye akacheka. Wakubwa wana utani wao.

"Njoo Newala Jumamosi, fundi, ujionee mwenyewe." Kisha akawahi basi lake, akausahau waya wa kuchomekea juu ya meza.

Jumamosi Modest alivaa koti lake la harusi, akaukunja waya ule vizuri, akautia mfukoni, akapanda basi la kwenda juu. Njia nzima alikuwa akipanga mahali pa kusimama: nyuma kabisa, karibu na mlango, asijulikane na mtu. Asikie tu.

Newala alimkuta mama mmoja akiuza vitumbua, jina lake Somoe.

"Bendi?" Somoe alishangaa. "Bendi hapa siijui. Lakini Bwana Cecil nyumba yake ile, yenye pazia, penye foleni."

Moyo wa Modest ukaruka. Asubuhi yote hii, na watu wameshapanga foleni!

Walikuwa vijana kumi na wawili, wamekonda, wamevaa buti nzito. Mmoja alikuwa na bendeji kichwani. Walizungumza Chimakonde cha ng'ambo ya Ruvuma, kwa sauti za chini. Kila aliyetoka ndani alivua shati jeupe na tai, akampa anayefuata. Modest hakuelewa, ila hakutaka kukosa wimbo wa kwanza. Akaomba radhi, akapita, waya wake mkononi, akasogeza pazia.

Ukutani palichorwa maghorofa na barabara ya lami. Mbele yake kijana wa miaka ishirini hivi alikuwa amelikumbatia gitaa la rangi ya maziwa, kitako cha gitaa kimekazwa begani, shingo ya mpingo ikielekea mlangoni.

"Lishushe, mwanangu, hilo si bunduki," alisema Cecil, kichwa chake kikiwa ndani ya kitambaa cheusi cha kamera. "Wareno wakiikuta picha hii kwa mama yako, waone mpiga muziki wa Dar es Salaam."