Kikohozi cha Daktari Wamuyu

Daktari Wamuyu alikohoa mara mbili, na kuku akaletwa.

Hakuwa na kifua. Kikohozi kilikuwa ishara kwa mdogo wake, Kaari, aliyekuwa jikoni akisubiri. Kikohozi kimoja: chai. Viwili: kuku wa kienyeji na chapati. Asipokohoa kabisa, mgeni alikunywa maji na kurudi kwake njaa ikimuuma.

Mgeni alikuwa Munyi, afisa wa mifugo, mwanamume mpole aliyepita kila Jumapili baada ya ibada kwenye nyumba ya kupanga ya akina dada hao pale Nchiru, karibu na chuo kikuu. Wamuyu alifundisha saikolojia chuoni. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na alimpenda Munyi hadi usingizi ukamhama. Alitaka jambo moja tu: Munyi alete wazee kwao Embu kumposa, kwa hiari yake mwenyewe.

Sema hiari yenyewe Wamuyu hakuiamini. Darasani aliwaambia wanafunzi kwamba hakuna binadamu anayechagua; kila mtu hurudia kile kilichomlipa jana. Panya hubonyeza kitufe apate punje, mhadhiri hudamka apate mshahara, na kila mmoja hujiona bwana wa uamuzi wake. Basi na Munyi angefunzwa vivyo hivyo. Akizungumzia mpira au siasa, hapati kitu. Akigusia nyumbani, wazazi au watoto, kikohozi kinatoka.

"Heh! Kwani yeye ni panya?" aliuliza Cicily, mhadhiri mwenzake, mtu pekee aliyeijua siri hiyo. "Si umwambie tu unampenda?"

"Nikimwambia nimeharibu. Sitajua kama ni maneno yangu ama ni tabia imejengeka."

"Na kama ni yeye anakuzoesha wewe? Kila Jumapili unachinja kuku, yeye anakula tu."

"Data iko," alijibu Wamuyu, na mjadala ukaishia hapo.

Data ilikuwepo kweli. Wamuyu hakuwahi kuinuka kitini. Mtafiti mzuri habebi sahani wakati jaribio linaendelea. Aliketi na daftari lake, Munyi akidhani anatunga mitihani. Mwezi wa pili wa jaribio aliandika: "Ametaja mama yake mara nne." Mwezi wa nne akaanza kuruka zawadi makusudi, leo kuku, kesho patupu, kwa sababu zawadi isiyotabirika ndiyo hujenga tabia sugu. Mwezi wa tano akaandika kwa wino mwekundu: "Sasa anatazama mlango wa jikoni hata kabla sijakohoa. Akisikia sahani, anatabasamu peke yake. Anafika mapema. Amenyoa ndevu."

Kaari hakuambiwa chochote zaidi ya zile ishara. Alipouliza mbona mgeni analishwa kwa mtindo huo, alijibiwa ni utafiti, na utafiti wa dada yake ulikuwa kitu cha kuachiwa wenye akili. Yeye alipika, akabeba, akakaribisha: "Ongeza basi, bado kuna supu."

Jumapili moja mwezi wa sita, Munyi aliweka kijiko chini.

"Nimeamua," alisema. "Mwezi ujao nataka kuleta wazee kwenu."

Nimeamua! Wamuyu nusura acheke. Akakohoa mara mbili, kisha mara mbili tena, mpaka Kaari akatoka jikoni na sufuria nzima.

Mjomba wa Munyi alimpigia simu baba yao kule Runyenjes, Embu, akamwambia kwa lugha ya wazee kwamba wameona ua zuri bomani mwake. Baba hakuuliza ua lipi. Mambo hayo huachiwa siku yenyewe, na isitoshe, nyumba nzima ilijua ni zamu ya nani. Mama alilia kwa furaha kwenye simu. Wamuyu akashona gauni, akaenda saluni, akamvuta na Kaari asukwe, maana picha ni picha.

Siku ikafika. Wageni walishusha kreti za soda, magunia ya sukari, blanketi za wazee na mbuzi aliyekataa kutembea. Baada ya maombi, shangazi waliwapanga wasichana sita mstari mmoja, dada wawili na binamu zao, wakawafunika leso kuanzia kichwani hadi miguuni. Mwanamume amtambue wake. Akikosea, faini ni mbuzi mwingine.

Ndani ya leso Wamuyu alihesabu muda wa jaribio lake. Miezi saba! Hakuna hiari, kuna subira tu, alijiambia, na machozi yakamtoka hata hivyo. Alikuwa na furaha ambayo hakuna somo lake lolote lililowahi kuieleza.

Chini ya pindo aliona viatu vya Munyi vikimpita msichana wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Vikasimama mbele yake, na akina mama wakaanza vigelegele.

Munyi akainama karibu na sikio lake.

"Asante sana, shemeji," alinong'ona. "Bila zile Jumapili zako, ningempata wapi?"

Viatu vikasogea hatua moja, na ndani ya leso ya jirani Kaari akaanza kucheka.