Msumari wa Juu ya Kitanda

Pale kiwandani kila mfanyakazi alipewa beji ya kupimia mionzi, na kila mfanyakazi aliiacha nyumbani. Beji ikionyesha kipimo kimezidi, mwenyewe anafukuzwa siku hiyo hiyo, na haki zake anaambiwa akazidai mahakamani. Kwa hiyo beji walizivaa siku ya mkaguzi wa serikali tu, zikiwa safi kama zilivyotoka kwenye boksi.

Safari hii mkaguzi aliipitisha beji ya Tunu kwenye mashine, kisha akairudia.

"Dada, pole," alisema. "Hii imekula mionzi kuliko mtu anavyoruhusiwa. Bahati yako ulikuwa unaivaa."

Beji ile haikuwa imevuka geti la kiwanda tangu ukaguzi uliopita. Muda wote ilining'inia chumbani kwa Tunu, kwenye msumari mmoja na ovaroli ya kazini yenye vumbi la kiwandani, ambayo kiwanda kilikataa kuwafulia, juu ya kitanda cha binti yake Mwanahawa.

"Mkataba wake umeisha leo," alisema msimamizi wa zamu, kama anayefukuza kuku. Mkaguzi akaomba beji inayofuata.

Tunu alifika nyumbani jua bado kali. Mwanahawa, ambaye hakuzoea kumwona mama yake mchana, alimkimbilia mikono wazi.

"Simama hapo hapo, mwanangu. Usinishike."

Mtoto alicheka. Alidhani ni mchezo, akarudi nyuma kidogo ili apate nafasi ya kukimbia vizuri.