Moshi wa Babu Ngiri

Katika mwaka wa pili wa ukame, si wa tatu kama shangazi zetu wanavyosimulia, babu yetu Ngiri aliona moshi ukifuka kila siku jikoni kwa Tembo. Tembo alikuwa amenenepa. Ngiri akaamua kwamba siri ya unene ni moshi.

Akakata miti yake yote ya kivuli, akawasha majani mabichi. Bonde likajaa moshi.

"Baba watoto, wana wanalia njaa," alisema mkewe. "Twende tukachimbe mizizi."

"Nyamaza, mama. Huoni tunaendelea?"

Siku ya saba Tembo alikuja akikohoa. "Jirani, moshi umezidi. Zima moto wako."

"Na wako je?"

"Wangu nitaupunguza kidogo kidogo. Nina chungu jikoni."

"Lakini bwana mkubwa, mimi sijapika hata siku moja!"

"Basi huna cha kupoteza. Zima."

Akazima.

Mpaka leo sisi wajukuu wake tunachimba mizizi juani, tumepiga magoti. Tukionwa na mgeni, tunakimbia tumesimamisha mkia, ili adhani kwetu nako kunafuka moshi.