Soksi za Mikononi

Fuatino alimwaga jiki kwenye sinki, akabakiza kidogo tu ya kutoa harufu. Akaijaza chupa maji ya bomba, akaifuta, akairudisha juu ya kabati la bafuni, maandishi yakielekea ukutani kama alivyoikuta.

Alikuwa ametoka kisiwa cha Savai'i, Samoa, kuja New Zealand kusaidia kumlea Iakopo, mtoto pekee wa mwanawe aliyekufa ajalini mwaka uliotangulia. Alimkuta ana miaka mitatu, ngozi nyekundu, imepasuka viwikoni, shingoni na nyuma ya magoti. Mama wa mtoto, Mereana, alikuwa Mmaori asiyejua Kisamoa zaidi ya salamu na maneno machache. Alifanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama hapo mjini Oamaru.

Mereana alimwogesha mtoto jioni, kabla ya kwenda kazini. Mara ya kwanza Fuatino alisimama mlangoni akaona yote. Jiki ilimiminwa katika maji ya kuogea, na mtoto akaingizwa humo. Iakopo alilia mpaka sauti ikamkauka. Alipotolewa alizungushiwa vitambaa vibichi mikononi na miguuni, juu yake nguo ya kubana. Mwisho alivishwa soksi mikononi, zikafungwa kwa utepe.

"Dawa," alisema Mereana kwa Kisamoa chake kibovu, alipouona uso wa mkwewe.

Kesho yake Fuatino alikwenda mtaa wa pili, kwa mdogo wake Sene.

"Jiki?" Sene aliacha kumenya viazi. "Hii hii ya kusugulia choo?"

"Hiyohiyo. Eti dawa."

"Haya, na wewe dada ukipata mafua nitakunywesha sabuni ya vyombo." Hakuna aliyecheka. "Karipoti ofisi ya ustawi wa watoto."

"Nikiripoti watamchukua wawape watu baki. Sikumzika mwanangu ili mtoto wake alelewe na watu baki, Sene. Hili nitalimaliza mwenyewe."

Akalimaliza kwa chupa ya maji. Kuanzia jioni hiyo Iakopo hakulia tena akiogeshwa, na Fuatino hakuhitaji ushahidi mwingine. Mereana akishaondoka, bibi alifungua utepe, akavua vitambaa vya baridi, akamkausha mtoto kwa taulo.

"Haya, baba, pumua. Jikune unavyotaka. Bibi yupo."

Iakopo alijikuna mpaka akasinzia. Kabla mama yake hajarudi asubuhi, vitambaa na soksi vilikuwa vimerudishwa.

Damu ilianza kuonekana kwenye shuka. Mereana aliitazama ngozi ya mwanawe, akapiga simu mahali, akalia. Fuatino hakuyaamini machozi yale. Vidonda vikatoa maji ya manjano, vikaganda, vikatoa tena. Kisha homa ikapanda, mtoto akawa haamki akiitwa, na gari la wagonjwa likaitwa.

Hospitalini daktari alimhoji Mereana kwa Kiingereza. Mereana alitikisa kichwa kukubali, akakubali tena, halafu akaanza kupiga kelele. Mwanamke wa ofisi ya ustawi wa watoto aliyekuwa pembeni akamshika mkono, akamtoa nje. Fuatino hakuelewa neno hata moja, lakini alielewa kwamba hatimaye wamemwona alivyo.

Iakopo alipotoka katika chumba cha mahututi, aliletwa mkalimani, binti wa Kisamoa.

"Mama, mtoto atapona, ila vijidudu vya vidondani viliingia kwenye damu, na figo zimeumia. Huenda zisirudi kama zamani. Akiruhusiwa atakaa nawe kwa mdogo wako. Mama yake hataachwa naye peke yake."

Fuatino alifumba macho akamshukuru Mungu.

Daktari alisema kwa muda, na binti akatafsiri. "Ngozi ya mtoto huyu haizibi vizuri kama yako. Vijidudu vinapenya, na kinga ya mwili inapigana ovyo, hata pasipo na adui, ndiyo maana ngozi inawaka na kupasuka zaidi. Ipo njia ya kumkinga. Mama yake alifundishwa hapahapa, na anaapa aliifuata kila jioni. Daktari anasema ngozi hii haionyeshi hivyo."

"Muongo," alisema Fuatino. "Mwambie daktari yule mwanamke ni muongo. Nilimwona kwa macho yangu."

Binti alitafsiri. Daktari aliinamisha kichwa, akajibu kupitia kwa binti.

"Ndiyo maana wanakukabidhi wewe. Sasa mtazame nesi, ujifunze."

Nesi alipanga mezani vitambaa vyeupe na jozi ya soksi ndogo zenye utepe. Akajaza beseni maji ya vuguvugu, akafungua chupa ya jiki, akapima kwenye kikombe, akampa Fuatino amimine mwenyewe.